Stima, Nyuki na Ndege

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa branchi)



Katika mkutano uliopita mliuliza habari ya laini kubwa za stima zinazopita juu ya mashamba yetu huko Ukambani na Taita, kama kweli zinadhuru mimea na viumbe. Halmashauri ikatupa sisi wawili wa kazi ya simu na taa za reli tulete jibu. Wako wasemao kwamba stima inaua kila kitu. Wako na wengine, hasa wale wanaokuja kupima njia ya laini, wasemao haidhuru chochote. Sisi hatuko upande huu wala ule.

Habari ya mimea tuimalize upesi. Mahindi humea chini ya laini kama yanavyomea mahali pengine. Miti hukatwa kwa kuwa tawi likikaribia mno, stima hulirukia na kuliunguza. Tai na korongo hufa kwenye nguzo wakigusa nyaya mbili kwa mbawa zao, au waya pamoja na chuma cha nguzo. Ndege akikaa juu ya waya mmoja tu hana taabu. Hayo yote mnayajua kwa macho.

Lisiloonekana ni ile nguvu inayouzunguka waya pasipo kuguswa. Mafundi wa simu mnaifahamu: waya wetu ukienda sambamba na laini kubwa hushika stima ingawa haukuunganishwa nayo, na ndiyo sababu tunautia ardhini.

Basi sikilizeni habari ya nyuki. Huko Illinois, Marekani, wataalamu waliweka mizinga ya masanduku chini ya laini ya kilovolti 765, wakachapisha matokeo mwaka 1981. Nyuki wale walihangaika, wakaziba mlango wa mzinga kwa gundi yao kupita kiasi, asali ikapungua, malkia wakapotea, na makundi mengi hayakuvuka baridi. Lakini mizinga mingine iliwekwa papo hapo chini ya laini, ikafunikwa kwa wavu wa waya ulioungwa na ardhi. Hiyo haikupata dhara. Ilikuwa sawa na mizinga iliyowekwa mbali. Sababu ni kwamba stima kidogo ilipita katika mzinga wenyewe, na nyuki akikanyaga humo hupigwa. Laini yetu ya Mombasa mpaka Nairobi ilijengwa kwa kilovolti 400, si 765, kwa hiyo mtu asiende nyumbani kuchoma mizinga yake!

Ya pili ni ya ndege, nayo ilitushangaza zaidi. Kuna ndege mdogo wa Ulaya mwenye kifua chekundu, asafiriye usiku akiongozwa na sumaku ya dunia kama nahodha na dira yake. Katika mji wa Oldenburg, Ujerumani, profesa Henrik Mouritsen na wenzake waliwaweka ndege hao katika vibanda vya mbao, kila mmoja ndani ya kizimba chenye karatasi, ili mikwaruzo ya miguu ionyeshe anataka kwenda wapi. Ndege wakaruka ovyo kila upande. Vibanda vikafunikwa kwa mabati ya aluminiamu yaliyoungwa na ardhi, nao wakashika njia yao. Ardhi ikiondolewa, hupotea tena. Kazi hiyo ilichukua miaka 7 ikachapishwa mwaka 2014, na waliosoma mikwaruzo hawakuambiwa kama ardhi imeungwa au la, wasije wakaona walichotaka kuona. Hapo ndipo tulipowaamini.

Je, ni laini kubwa iliyowapoteza? La. Wala si simu za mkononi, wala si treni za stima za kwao. Ilikuwa kelele hafifu ya kati ya kilohezi 50 na megahezi 5, inayotoka katika vyombo vya stima vya mjini na katika redio za mawimbi ya kati. Nje ya mji, ndege walishika njia bila mabati yoyote. Nasi tunao wasafiri wa usiku: kule Ngulia, Tsavo Magharibi, ndege wadogo kutoka Ulaya na Asia hupita kila Novemba na Desemba, nao wamekuwa wakifungwa pete miguuni tangu mwaka 1969.

Mkiona, ndugu, katika habari zote mbili dhara lilipimwa, likapatikana, na dawa yake ilikuwa waya wa ardhi, kitu ambacho hata kibarua wa gengi amekishika. Kwa hiyo mtu wa laini akija shambani kwako usibishane naye juu ya uchawi wa stima. Muulize laini yake ni ya kilovolti ngapi, waya utakuwa juu ya ardhi futi ngapi, na ua wako wa seng'enge atautia ardhini nani, kwa gharama ya nani. Ayaandike kwa mkono wake.

Wanachama wenye mizinga chini ya laini waandikishe majina kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nyavu za waya tutazinunua pamoja, bei ipungue, na kazi ya kuzitia ardhini tutaifanya sisi wenyewe siku ya Jumapili baada ya kanisa.