Somo la maji katika mwaka wa tano



Sisi tuliorudi toka Nyarugusu na Lugufu, batoto betu walizoea kule kambini kunakili sayansi kwa Kifaransa toka ubaoni. Hapa Baraka wanaendelea vile vile. Tulipotembelea darasa moja la mwaka wa tano, mtoto alitaja hali tatu za maji bila kukosea. Tukamuuliza: "Na maji ya ziwa unakunywa?" Akajibu: "Ndiyo, iko safi, inang'aa."

Hapo njo tuliogopa. Kipindupindu tunakijua wote, na kidudu chake hakionekani kwa macho.

Tukapatana na mwalimu, akafundisha inje. Watoto walichuja maji ya matope kwa mchanga na makaa. Yakatoka yanang'aa, wakashangilia. Mwalimu akasema: bado, vidudu vimepita. Basi wakajaza chupa za plastiki zisizo na rangi, wakazilaza kwenye jua kali muda wa saa 6. Kukiwa mawingu mengi, siku 2. Kisha wakapima maji ya mgonjwa wa kuhara: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. (Wengi wetu nyumbani tunatia chumvi kwa mkono tu!)

Wafadhili, hatuombi laboratwari. Tunaomba mabidoni, vijiko na sukari, na mwalimu aruhusiwe kueleza kwa Kiswahili pale Kifaransa kinapomshinda mtoto. Wanachama, chupa tupu mtuletee siku ya mkutano.