Magurudumu ya Gari Letu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama huko Mgori)



Halmashauri ya Chama imenitaka nizungumze nanyi juu ya jambo lililotugawanya katika mkutano uliopita, nalo ni magurudumu ya pikapu yetu. Kabla sijaanza yanipasa kuungama kwamba mimi si fundi. Mimi ni karani, na ujuzi wangu wa magari umetoka katika daftari zaidi kuliko chini ya gari. Lakini daftari nalo hufundisha, na pengine hufundisha kwa uchungu, kama mtakavyosikia.

Habari yenyewe mwaijua. Tumechanga fedha, tumenunua Land Cruiser ya mfano wa HZJ75, iliyotengenezwa katika miaka ya 1990, yenye injini ya dizeli ya 1HZ ya silinda 6 na ujazo wa sentimeta za ujazo 4,164. Ni gari la kizamani lakini mifupa yake i mizima. Kazi yake ni kuchukua alizeti na vitunguu vya wanachama, kwenda kwenye mizinga pembeni mwa msitu, na mara nyingine kumkimbiza mgonjwa mjini Singida. Mipira iliyo nayo imechakaa, na hapana anayebisha kwamba inunuliwe mingine. Shauri lililotugawa ni hili: baadhi ya ndugu zetu, hasa vijana, wataka tuondoe magurudumu yote, tuvike mapana na marefu kama ya magari yanayoonekana yakipita na watalii. Wasema gari litainuka, litapita mawe na matope, na litakuwa na heshima. Juu ya heshima sina la kusema. Juu ya hayo mengine nina maneno.

Kwanza tusome maandishi yaliyo ubavuni mwa mpira, kwa maana wengi huyatazama kama watazamavyo hirizi. Mipira yetu imeandikwa 7.50R16. Maana yake ni upana wa inchi 7 na nusu, na chuma cha gurudumu, ambacho mafundi hukiita rimu, kina kipenyo cha inchi 16. Mipira mingine huandikwa kwa desturi nyingine, kama 235/85R16. Hapo 235 ni upana kwa milimeta, na 85 ni kusema kwamba kimo cha ubavu ni sehemu 85 katika 100 za upana huo. Basi mtu aweza kupiga hesabu yeye mwenyewe: 235 mara 85 gawanya kwa 100 ni karibu 200, mara mbili, kwa kuwa ubavu uko juu na chini, ni karibu 400, ongeza rimu ya milimeta 406, jumla ni milimeta 806. Na 7.50R16 ina kimo karibu sawa na hicho, ingawa hutofautiana kidogo kwa kila mtengenezaji.

Mpira wanaoutaka vijana wetu ni 315/75R16. Hesabu yake yatoa milimeta 879. Umezidi ule wa kwanza kwa milimeta 73. Lakini angalieni: ekseli iko katikati ya gurudumu, haiko juu yake, kwa hiyo huinuka nusu tu ya ongezeko hilo, yaani milimeta 36 na nusu, upana wa vidole viwili. Hivyo ndivyo vidole viwili tutakavyovinunua kwa fedha nyingi. Sisemi kwamba si kitu. Aliyewahi kugonga difu juu ya jiwe la nchi hii ya Singida ajua thamani ya vidole viwili. Nasema tujue tunanunua nini.

Bei yake haiishii dukani. Mpira huo wataka rimu ya inchi 8 au zaidi, na rimu zetu ni za inchi 5 na nusu. Kwa hiyo lazima tununue rimu pia. Rimu lazima iwe na matundu 6 yaliyopangwa katika duara la milimeta 139.7, ndiyo kipimo cha gari letu. Mifano iliyofuata baada ya mwaka 1999 ina matundu 5 katika duara la milimeta 150, wala haiingiliani na yetu hata ukiipiga nyundo. Namtaja mtu wa nyundo kwa sababu nimemwona. Tena rimu pana mara nyingi huchomoza nje, na uzito ukichomoza nje hulemea beringi za magurudumu na viungo vya usukani, ambavyo katika gari la umri huu vimekwisha kufanya kazi ya kutosha. Usukani ukikatwa mpaka mwisho, mpira hugusa springi au madigadi. Na mtu akiona hayo huinua springi, na akiinua springi hubadili shafti na mabomba ya breki. Jambo moja huvuta la pili, hata fedha za Chama zikaishia chini ya gari.

Breki nazo zataka neno. Gurudumu likiwa kubwa, mkono unaovuta nao huwa mrefu, na breki ile ile kwa mguu ule ule hushika kwa nguvu iliyopungua. Injini vilevile: ni kana kwamba gia zote zimeongezwa kimo kwa sehemu 9 katika 100. Penye tambarare mtafurahi. Lakini pandisheni mlima na magunia ya alizeti, dereva atarudi gia moja chini, naye atachezea klachi, na klachi ndiyo itakayolipa.

Sasa nifike kwenye lile nililolisema la daftari. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa karani wa magari katika ofisi moja, ambayo sitaitaja. Tulikuwa na pikapu ndugu wa hii. Mkubwa mmoja aliagiza ivikwe magurudumu ya kimo hicho hicho cha 879, ikavikwa, na kila mtu akaisifu. Mimi niliendelea kuandika daftari la safari kama kawaida. Kawaida ya gari lile ilikuwa kilometa 7 kwa lita moja. Mwezi kabla ya kubadilishwa lilikwenda kilometa 1,200, likanywa lita 171. Mwezi uliofuata safari zilikuwa zile zile, vituo vile vile, lakini mita ilionyesha kilometa 1,101 tu, na mafuta yaliyotoka ni lita 177. Nikapiga hesabu: kilometa 1,101 zastahili lita 157. Lita 20 hazipo.

Ndugu zangu, dereva wetu alikuwa mzee aliyetumika miaka mingi bila doa. Sikumwuliza. Nilikaa mezani, nikaandika barua nzuri yenye aya tatu na jedwali, nikaeleza kwamba dizeli yauzwa njiani, nikaipeleka juu. Akaitwa, akasimamishwa safari, na watu wakaanza kumtazama kwa jicho lile mlijualo. Yeye hakugomba. Alikuja mezani kwangu akasema, “Bwana Karani, wewe ni mtu wa hesabu. Njoo ukae nami ndani ya gari mara moja tu, kisha uandike upendavyo.”

Nikasema, “Haya, Mzee.” Nikamwombea ruhusa, tukatoka hata barabara kuu ya lami, penye mawe ya kilometa. Kwenye jiwe la kwanza akarudisha mita ndogo kwenye sifuri. Tukahesabu mawe kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Tulipotimiza kilometa 10 akasimamisha gari, akaniambia, “Soma.” Ilionyesha 9.2.

Sikuwa na la kusema. Mita ya gari haipimi njia, huhesabu mizunguko. Gurudumu kubwa huzunguka mara chache kwa njia ile ile, na mita, isiyojua kwamba gurudumu limebadilishwa, huandika pungufu. Gawanya 1,200 kwa 1.09 utapata 1,101, bila kuzidi wala kupungua. Katika zile lita 20, lita 14 zilikuwa kosa la hesabu yangu, na 6 zilizosalia zilinywewa na uzito wa magurudumu yenyewe. Hakuna tone lililouzwa. Niliandika barua ya pili, fupi kuliko ya kwanza, nikaomba ile ya kwanza iondolewe katika faili lake. Iliondolewa, naye akarudi kazini. Lakini nilijua tangu siku ile kwamba barua huweza kutoka katika faili na isitoke katika vinywa vya watu.

Nayasema haya mbele ya makarani wenzangu kwa sababu ninyi ndio mtakaoandika daftari la gari hili, na dereva wetu atakuwa kijana wa mmoja wenu. Mkibadilisha kimo cha mpira, hata kwa kidogo, pimeni kwanza. Wekeni alama ya chaki ubavuni mwa mpira na nyingine chini, sukumeni gari mpaka alama irudi chini tena, pimeni urefu huo kwa futikamba. Fanyeni hivyo kwa mpira wa zamani na kwa mpya, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Gawanyeni cha pili kwa cha kwanza. Jibu hilo liandikwe katika ukurasa wa kwanza wa daftari, na kila kilometa ya mita izidishwe nalo. Na dereva naye aambiwe kwamba mshale ukionyesha 80, yeye yuko katika 87, kwa kuwa askari wa barabarani hatasikiliza habari za mzingo.

Nirudi Mgori. Njia zetu ni za namna tatu. Kuna mchanga, kuna mawe, na kuna mbuga yenye udongo mweusi. Katika mchanga mpira mpana husaidia kweli, lakini hata mpira mwembamba ukipunguzwa upepo hulala chini na kurefusha wayo wake, nao hupita. Ila msisahau kuujaza tena mfikapo njia ngumu, maana mpira usio na upepo wa kutosha huungua ubavu. Katika mawe, niliyokwisha kusema yatosha. Katika mbuga, mpira mwembamba hukata tope ukatafuta ardhi ngumu chini, na ule mpana huelea juu, hujaa udongo kati ya meno yake, ukawa kama mkate wa duara. Na mvua zikikolea, kati ya Desemba na Aprili, ziko siku ambazo hakuna mpira ulioumbwa utakaovuka. Siku hizo dawa ni kungoja.

Jambo jingine ni pancha. Miiba ya porini, huko kwenye msitu ambao vijiji vyetu vimeutunza tangu katikati ya miaka ya 1990, haiulizi bei ya mpira. Mpira wetu una mpira wa ndani, na fundi yeyote wa kijijini mwenye pao, kiraka na pampu ataushona. Lakini rimu zetu ni za pete, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko pengine pote. Pete ikikaa vibaya na upepo ukajazwa, huruka kama risasi, nayo imeua watu. Upepo utolewe wote kabla ya nati yoyote ya rimu kuguswa. Pete yenye kutu au iliyopinda itupwe, isichomelewe. Wakati wa kujaza, gurudumu lifungwe kwa minyororo, na mtu asiinamie mbele yake.

Na lolote mtakaloamua, nunueni mipira 5, msinunue 2. Gari likivutwa kwa magurudumu manne, ya mbele na ya nyuma yamefungwa pamoja. Yakitofautiana kimo yatavutana mpaka sanduku la gia la pili livunjike. Wa tano ni spea, nao uwe ndugu wa wale wanne. Kwa mipira ya mkononi, tazameni tarakimu 4 za mwisho katika alama ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji aweza kupaka rangi nyeusi ing’ae, lakini tarakimu hizo hazidanganyi. Tazameni pia namba ya mzigo. 116 ni kilo 1,250 kwa kila mpira. 120 ni kilo 1,400. Ikiwa chini ya hizo, magunia yetu hayataivumilia.

Shauri langu basi ni tununue 7.50R16 mitano mipya, na mipira ya ndani mipya, na pete zikaguliwe. Kama mkutano wapenda tuachane na rimu za pete, jambo ambalo nami nalipenda kwa ajili ya usalama, tutafute rimu nzima za inchi 6 na nusu tuvike 235/85R16; kimo ni kile kile, mita haitadanganya, na dereva wetu hatahitaji kwenda kuhesabu mawe. Wale wanaotaka kimo zaidi waweza kufikiri 285/75R16, yenye milimeta 834, itakayoinua ekseli kwa milimeta 14, lakini itataka rimu ya inchi 7 na nusu na daftari lirekebishwe. Kupita hapo siwezi kutia sahihi.

Bwana Mwenyekiti, bei za namna hizo mbili za kwanza nimeziandika katika karatasi iliyo mezani. Gari litasimama nje Jumamosi asubuhi, nami nitakuja na chaki na futikamba. Mwanachama yeyote asiyeyaamini maneno yangu, na vijana kwanza, waje tulisukume pamoja.