Anayehimiza Kuokoa Kuni Aanze na Jiko Lake

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya ushirika vya msingi, Magu



Liko swali ambalo aghalabu haliandikwi katika ajenda, lakini huulizwa chini ya mti mara mkutano unapokwisha. Je, mtu anayewahimiza wenzake wapunguze kuni na mkaa analazimika yeye mwenyewe kuishi kwa ushauri huo? Au yatosha ushauri wake uwe wa kweli, na mambo ya jikoni kwake yabaki kuwa siri ya nyumba yake?

Swali hili si la mchezo kwa watu wa Magu. Miti ya nchi ya Usukuma ilifyekwa wakati wa ukoloni ili kuwafukuza mbung'o, ikafyekwa tena kupata mashamba ya pamba, na iliyosalia ikaendelea kwenda mafigani. Huko ufukoni nako, sangara walipoongezeka ziwani katika miaka ya 1980, haja ya kuni ilizidi. Dagaa hukaushwa juani, bali sangara ana mafuta mengi, na hapana budi abanikwe kwa moshi au akaangwe. Mama anayetafuta kuni katika bonde la mto Simiyu hana haja ya kuelezwa kwamba miti imepungua. Miguu yake yajua.

Serikali imekwisha kutoa msimamo wake. Taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziliagizwa kuacha kupikia kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024. Mwezi Mei mwaka huo ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ambao shabaha yake ni kwamba asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Wakala wa Nishati Vijijini nao umesambaza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Vyama vya ushirika haviwezi kukaa kando, kwani kuijali jamii ni msingi wa saba katika misingi ya ushirika iliyopitishwa mjini Manchester mwaka 1995. Kwa hiyo Katibu wa chama, apende asipende, amekuwa mshauri wa nishati.

Katika kulijibu swali lililotajwa, yako makosa mawili ya kuepukwa.

Kosa la kwanza ni la msikilizaji. Mwaka 2007 Al Gore, aliyepata kuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alishiriki Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kazi ya kuonya juu ya kuongezeka kwa joto la dunia. Mwaka huo huo wapinzani wake walitangaza kwamba nyumba yake ya Tennessee ilitumia umeme zaidi ya mara 20 kuliko nyumba ya kawaida ya Kimarekani. Watetezi wake walijibu kwamba alikuwa akilipia umeme wa njia zisizochafua hewa. Mabishano yakawa makubwa. Lakini hata kama wapinzani walisema kweli tupu, joto la dunia halikupungua kwa sababu hiyo. Kadhalika hapa Magu: Mwenyekiti akionekana amebeba gunia la mkaa, aibu ni yake, lakini mti uliokatwa umekatwa, na kisima kilichokauka kimekauka. Mwanachama anayekataa neno la kweli kwa sababu msemaji ana doa hamwadhibu msemaji, anajiadhibu mwenyewe.

Kosa la pili ni la mshauri, naye hujificha nyuma ya methali isemayo, mganga hajigangi. Methali hiyo inafaa kwa mgonjwa asiyeweza kujitibu. Haifai kwa mtu mwenye uwezo wa kununua jiko banifu lakini hataki taabu ya kulizoea. Huyo yampasa akumbuke methali nyingine: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hapa ndipo ulipo msingi wa jibu. Mshauri aishi kwa ushauri wake, na sababu kubwa si kwamba watu watamcheka. Sababu kubwa ni kwamba asipouishi hatajua anachokishauri.

Chukua mfano wa gesi. Mtumishi mwenye mshahara hupata fedha kila mwezi, na mtungi ukiisha hujaza. Mkulima wa pamba hupata fedha yake kubwa mara moja kwa mwaka, msimu wa ununuzi. Mtungi ukiisha mwezi Februari, wakati chakula chenyewe ni cha shida, hujazwa kwa fedha gani? Aidha, kutoka kijijini hadi duka la gesi kuna nauli. Mshauri asiyewahi kubeba mtungi mtupu juu ya baiskeli ataona kwamba mwanachama aliyerudi kwenye mafiga matatu ni mkaidi. Aliyeubeba atatafuta njia: pengine wanachama wakubaliane kuweka akiba ndogo wakati wa mauzo ya pamba, au chama kilete mitungi iliyojaa karibu na ghala.

Tena ieleweke ni nani anayepika. Katika mikutano mingi wasemaji ni wanaume, na jikoni walio wengi ni wanawake. Mume anaweza kusimama na kusifu jiko banifu lililomo nyumbani kwake, kumbe mkewe aliliacha zamani kwa sababu halitoshi sufuria ya ugali wa watu kumi. Shahidi wa jiko ni yule anayepika juu yake.

Historia ya Usukuma yathibitisha jambo hili. Katika mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanzishwa na wakoloni mwaka 1947, wakulima waliamriwa kulima kwa matuta na kupunguza ng'ombe, na wasiotii waliadhibiwa. Baadhi ya amri hizo zilikuwa na hoja ya kitaalamu. Lakini zilitolewa na watu wasioishi kwa jembe wala kwa ng'ombe, zikachukiwa, na kabla ya Uhuru zikaachwa. Kinyume chake, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 ulijengwa juu ya ngitili, desturi ya Wasukuma wenyewe ya kutenga malisho. Ngitili ya kijiji ikifungwa, hufungwa kwa mifugo ya tajiri na ya maskini. Miti ikarudi katika nchi iliyodhaniwa kuwa itakuwa jangwa.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo liliweka miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili wala nyumba ya kupangisha. Miiko hiyo ililegezwa Zanzibar mwaka 1991, lakini maana yake haikufutika: anayewataka wengine wajinyime ajinyime kwanza.

Na nchi jirani ya Kenya ilimtoa Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Alipofariki Septemba 2011, jeneza lake halikutengenezwa kwa mbao. Lilikuwa la mianzi, mafunjo na magugu maji, yale yale yanayowasumbua wavuvi wa Ziwa Victoria. Alikuwa ameomba mti usikatwe kwa ajili ya mazishi yake.

Si kila mshauri ataweza hayo, wala haidaiwi awe malaika. Inadaiwa ajaribu, na aseme wazi pale aliposhindwa. Kwa hiyo vyama vya msingi vinashauriwa mambo manne.

Kwanza, chakula cha mkutano mkuu na chai ya ofisi vipikwe kwa jiko lile linalohimizwa.

Pili, wajumbe wa Bodi na Katibu walitumie majumbani kwao msimu mzima kabla ya kulipendekeza kwa wanachama.

Tatu, wapishi waitwe mkutanoni watoe taarifa wenyewe: kuni zilizookolewa, gharama, na kasoro.

Nne, kabla ya hapo pasipendekezwe makato yoyote ya majiko kutoka fedha ya pamba. Na yakipendekezwa, yaamuliwe na mkutano mkuu kwa uwazi. Fedha hiyo ni jasho la mwaka mzima, na wanachama wengi wana kumbukumbu chungu ya makato wasiyoyaelewa. Jiko likishindwa baada ya makato, hakitapotea chombo tu; itapotea imani ya mwanachama kwa chama chake, nayo hainunuliwi kwa ruzuku.

Mwanachama na apime ushauri kwa ukweli wake. Kiongozi na aupime kwa jiko lake. Kila mmoja akitimiza upande wake, mti wa Magu utapata nafasi ya kukua.

Ushirika ni nguvu.