Waridi la Kale Chini ya Sabinyo

Leo tunazungumzia waridi. Si yale ya Naivasha, Kenya, yanayopanda ndege kwenda Ulaya. Ninasema waridi la kale, lenye petali zilizosongamana na harufu inayokupokea kabla hujalifikia ua lenyewe.

Wakulima wa maua wameweka mpaka wao. Jamii za waridi zilizokuwapo kabla ya mwaka 1867 huitwa za kale, kwa sababu mwaka huo Guillot, mkulima wa Lyon kule Ufaransa, alitoa waridi aliloliita La France, na zilizofuata zikahesabiwa kuwa za kisasa.

Sasa, mama wa Bunagana, huku Kivu mpakani na Uganda, akipanda aina mbili za kale sambamba, moja ya Ulaya na moja ya China, ataona ajabu. Mwaridi wa Ulaya, tuseme wa aina ya Gallica, utajaa majani, lakini maua utamnyima. Wa China utachanua Januari, utachanua Juni, na Desemba bado unatoa matumba. Udongo ni uleule wa volkano, na samadi ni ileile. Tofauti imo ndani ya mmea. Waridi la Ulaya lina jeni iliyopewa jina KSN, ambayo kazi yake ni kuzuia maua, na hulegea tu mmea ukishapita miezi ya baridi kali. Usiku wa chini ya mlima Sabinyo una baridi, naam, lakini miezi ya namna hiyo hatuna. Katika waridi la China jeni hiyo imevurugika. Watafiti walilionyesha hilo mwaka 2012. Basi halina wa kulizuia.

Kwa hiyo ukiona mwaridi mkongwe unaochanua mwaka mzima uani kwa mtu huku Kivu, yamkini una damu ya China. Na mojawapo ya njia zilizopitiwa na damu hiyo ni bahari yetu, Bahari ya Hindi.

Katika kisiwa cha Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon, wenye mashamba walizungushia mashamba yao ua wa miaridi ya aina mbili: wa China wenye rangi ya pinki, na wa Dameski unaorudia kuchanua. Miaka mingi miti hiyo ilikaa bega kwa bega, nyuki wakahamisha chavua, na mnamo 1817 ukaonekana mche usiofanana na mmoja wala mwingine. Bréon, mtaalamu wa mimea wa kisiwani, alituma mbegu Ufaransa kwa Jacques, mtunza bustani wa Duke wa Orléans. Hapo ndipo jamii nzima ya mawaridi ya Bourbon ilipoanzia. Majina ya Bréon na Jacques yameandikwa vitabuni. Lakini mashamba yale yalilimwa na watumwa, wengi wao wakiwa wametolewa Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki, Kilwa ikiwamo, na utumwa haukukomeshwa kisiwani hadi 1848. Majina yao katika habari hii ya waridi hatuyakuti, na jambo hilo linaniuma.

Huku Kivu, walowezi walianza kugawiwa ardhi kwa wingi baada ya Comité National du Kivu kuundwa mwaka 1928. Walilima kahawa na pareto, na mbele ya nyumba wakapanda maua. Anayejulikana zaidi kati yao ni Rosamond Carr, Mmarekani aliyeingia Kongo mwaka 1949 na baadaye kuhamia Mugongo, upande wa Rwanda, si mbali na Goma. Pareto ilipokosa faida, aligeukia maua ya kuuza mahotelini. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari, shamba lilelile likawa makao ya yatima, Imbabazi. Alifariki mwaka 2006.

Ukitaka kulinganisha waridi la China na la Dameski, anza na shina. La China halina miiba mingi, na jani lake ni laini, linang'aa. La Dameski limejaa miiba mikali, na jani lake limefifia. Halafu ngoja mvua za Aprili. Souvenir de la Malmaison, Bourbon ya mwaka 1843, ni zuri mno wakati wa kiangazi, lakini mvua ikizidi petali za nje hugandamana kama karatasi iliyolowa, na tumba huoza kabla ya kufunguka. Lipande mbali na matone ya paa.

Na mbegu haikurudishii waridi lilelile. Ni tawi tu, nene kama kalamu, lililochomekwa kivulini, linalolirudisha. Na tawi hilo ligawe mapema: Bunagana ilipotekwa na waasi Juni 2022, watu walivuka kwenda Uganda na walichoweza kubeba. Mti uliopo kwa mtu mmoja tu unaweza kupotea kwa siku moja. Uliogawiwa kwa majirani wa pande zote mbili za mpaka unaweza kuombwa tena kwao.

Kwa hiyo nawaomba, wenye mwaridi ulioachwa na bibi au na misheni, mtueleze: shina lake lina miiba au ni laini? Unachanua miezi gani? Harufu ni kali asubuhi au jioni? Na nani alitoa tawi la kwanza? Jina la huyo ndilo ninalolitaka zaidi.