Mkasi na Karatasi Nyeusi

Leo tuitafakari kazi ya Lotte Reiniger wa Ujerumani. Tangu 1923 hadi 1926, yeye na wenzake wachache walitengeneza filamu ya Mwanamfalme Achmed kwa sanamu bapa alizozikata kwa mkasi katika karatasi ngumu nyeusi, viungo vikaunganishwa kwa waya. Sanamu ililazwa juu ya kioo chenye taa chini yake. Mkono ukasogezwa kidogo mno, picha moja ikapigwa, ukasogezwa tena. Kutwa nzima ya kazi hiyo huzaa sekunde chache tu (nasi twanung'unika ibada ikizidi saa moja!). Mwaka 1945 ukanda asilia uliangamia vitani, Berlin. Nakala iliyohifadhiwa Uingereza ilisalia, na mikono ile ya karatasi ingali ikisogea.