Safari ya Mombasa na Mtoto Mdogo

Likizo ya Desemba inakaribia, na wengi wetu hapa Nyeri tunapanga kuwapeleka watoto Mombasa wakawaone shangazi na wajomba, na waione bahari. Ni jambo jema. Lakini kabla ya kukata tiketi, sikiliza haya.

Huku kwetu kwenye baridi, malaria ni nadra. Kwa hivyo mwili wa mtoto wetu haujauzoea ugonjwa huo. Akiumwa na mbu mwenye malaria huko Pwani, anaweza kuugua vibaya, tena kwa haraka.

Wiki mbili kabla ya safari, mpeleke kliniki pamoja na kitabu chake. Muuguzi ataangalia kama amekosa chanjo yoyote. Ile ya surua hutolewa akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Muulize pia kuhusu dawa ya kuzuia malaria. Usiinunue dukani kwa kukisia, kwa maana kipimo hutegemea uzito wa mtoto.

Mkobani tia neti iliyotiwa dawa. Mbu wa malaria huuma usiku, kwa hivyo mtoto alale ndani ya neti kuanzia usiku wa kwanza, hata kama mmefika mmechoka. Tia pia pakiti za ORS. Akiharisha, changanya pakiti moja na kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, umpe kidogo kidogo. Yakibaki hadi saa 24, yamwage.

Je, mtoto wako hajafika miezi 6? Joto la Mombasa lisikutie hofu ukampa maji. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, nawe mwenyewe unywe maji ya kutosha.

Sasa nakuja kwa jambo ambalo wengi husahau: siku za baada ya kurudi. Mama mmoja alimleta kwetu mtoto wa miaka miwili akiwa na degedege. Alikuwa na homa kwa siku tatu, na nyumbani walimpa dawa ya mafua, wakidhani ni baridi ya kawaida. Nilipouliza, "Mwezi huu mmesafiri?" mama akashtuka. Walikuwa wamerudi kutoka Pwani siku kumi na mbili zilizopita. Tulipopima damu, ilikuwa malaria. Mtoto alitibiwa akapona, lakini tulikuwa tumechelewa kiasi cha kuogopesha.

Mama, malaria haijitokezi siku ile ile ya kuumwa na mbu. Kwa kawaida huchukua wiki moja hadi mwezi, na wakati mwingine zaidi. Mtoto akipata homa baada ya safari, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje kuulizwa. Sema wewe kwanza: "Tulikuwa Mombasa. Tafadhali mpimeni malaria." Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, kimbia hospitalini hata kama ni usiku wa manane.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nendeni salama, mrudi salama. Hadi wiki ijayo, kwaheri.