Gharama ya Mwanga na Moto Nyumbani



Mkulima hakubali kuuza zao lake bila kupimwa. Hata hivyo mkulima huyo huyo, akifika nyumbani, hununua mkaa kwa gunia la lumbesa, mafuta ya taa kwa chupa, na kuni huziita za bure. Hesabu anayoidai ghalani haifanyi jikoni, na humo ndimo sehemu ya malipo ya mazao yake inamopotelea.

Kijiji cha Mpale, katika milima ya wilaya ya Korogwe, kinafaa kuwa mfano. Kati ya 2015 na 2020 kilijengewa mtambo wa umeme wa jua wenye uwezo wa kilowati 48, usiotegemea gridi ya Taifa. Mahali umeme unapofika, watu hudhani kwamba habari ya kuni na mkaa imekwisha. Lakini jiko la kawaida la umeme huvuta kilowati 1 au zaidi. Nyumba 48 zikiwasha majiko hayo kwa pamoja wakati wa chakula cha jioni, uwezo wote wa mtambo wa namna hiyo umemalizika, na hapana taa itakayowaka. Kwa sababu hiyo, mwanga na moto ni hesabu mbili mbalimbali, wala hazifai kuandikwa katika safu moja.

Hesabu ya mwanga ni nyepesi. Taa ya LED ya wati 5, ikiwaka saa 4 kila usiku, hutumia uniti 0.6 kwa siku 30. Kwa bei ya TANESCO ya watumiaji wadogo, yaani shilingi 100 kwa uniti, au 122 pamoja na kodi na tozo, hizo ni kama shilingi 73 kwa mwezi mzima. Kandili kwa muda huo hunywa zaidi ya lita 1 ya mafuta, tena mwanga wake ni hafifu na moshi wake huingia vifuani mwa watoto wanaosoma. Mwaka 2011 Serikali iliongeza ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita, ili kukomesha uchanganyaji wake na dizeli. Tangu hapo aliyebaki na kandili hubeba mzigo ambao haukukusudiwa kwake.

Hesabu ya moto ndiyo ngumu, kwa sababu kinachonunuliwa sicho kinachofika chunguni. Mafiga matatu hupoteza sehemu kubwa ya joto la kuni. Jiko la bati hupoteza karibu sehemu nne katika tano za joto la mkaa. Kwa makadirio, kazi inayofanywa na kilo 1 ya gesi huhitaji kilo 4 za mkaa katika jiko la bati, au chini kidogo ya kilo 3 katika jiko bora lenye udongo ndani, au kilo 12 za kuni kavu katika mafiga, au uniti 10 za umeme. Hivyo mtungi wa kilo 6 ni sawa na kilo 24 za mkaa katika jiko la bati, na ni sawa na uniti 60, ambazo kwa bei iliyotajwa ni shilingi 7,320. Lakini bei hiyo huishia uniti ya 75 kwa mwezi. Zinazozidi hulipiwa shilingi 350 kila moja kabla ya kodi.

Bei ya mkaa na ya mtungi hutofautiana kati ya mlimani Korogwe na tambarare za Handeni, unakotoka mkaa mwingi. Kila Katibu na atumie bei ya sokoni kwake. Mizani ya chama ipo, na baada ya msimu hukaa bure: gunia la mkaa lipimwe hapo mbele ya wanachama, kisha likokotolewe kwa kilo. Lipimwe pia debe, maana anayenunua kidogo kidogo ndiye mara nyingi anayelipa zaidi.

Zimebaki kuni. Kilo 12 kwa kazi ya kilo 1 tu ya gesi maana yake ni kwamba mtungi mdogo mmoja ni sawa na kilo 72 za kuni kichwani mwa mama au binti, na saa zake zote njiani. Mkaguzi akikuta daftari lenye safu tupu hasemi kwamba hakukuwa na matumizi, husema hayakuandikwa.

Kizuizi cha wengi si bei ya kujaza mtungi bali fedha za mara ya kwanza: mtungi wenyewe, jiko na mpira wake. Hapo chama kinaweza kukopesha na kukata kidogo kidogo katika malipo ya mazao, mradi Mkutano Mkuu umeidhinisha na kila kato limeonyeshwa katika stakabadhi ya mwanachama. Jiko bora la mkaa lisidharauliwe. Kwa nyumba nyingi ndilo mkopo mdogo unaorudi upesi zaidi. Na fomu ya mkopo wa namna hii isipokewe ikiwa na sahihi ya mwenye shamba peke yake. Iwepo na sahihi ya anayepika.